Mikono Iliyobaki Juu

Mikutano ya chama cha wafanyakazi ilifanyika ukumbi wa chakula, jioni zamu ikiisha, na mabenchi yalikuwa ya wanaume wa meza ya kukatia vitambaa. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Wakataji walimaliza kazi mapema wakawahi kukaa. Wanawake wa vifungo, wa kupunguza nyuzi na wa kufagia walifika mwisho, kwa kuwa ndio waliobaki kufunika vyerehani vya kiwanda kizima, kisha wakachemsha chai ya mkutano. Walisimama ukutani, karibu na sinki.

Siku mwenyekiti alipotangaza kuwa oda zimekauka na kiwanda kinataka kupunguza watu, Mama Vifungo alinyoosha mkono wa kulia. Alikuwa na neno moja tu, amelipiga pasi kichwani tangu asubuhi: tugawane siku za kazi, kila mtu apungukiwe kidogo, asifukuzwe mtu. Mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa mkataji na sasa alivaa koti na kunywa chai yake kwa meneja, alitupa macho ukumbini.

"Kama hakuna mwenye neno, tufunge."

Mkutano ukafungwa. Mkono haukushuka.

Alijaribu kuushusha njiani, ukagoma, naye hakuwa mtu wa kulazimisha mambo. Alipika kwa mkono wa kushoto. Mumewe, mkataji wa benchi la mbele, alimtazama huku akila.

"Mama watoto, bado uko juu?"

"Bado. Sikuitwa."

"Watakuita mkutano ujao," alisema mume, akainuka kuupandisha waya ili taa isimuunguze vidole.

Zahanatini, muuguzi aliuliza kama maumivu ni ya mfupa au ya mkutano. Akajibiwa ni ya mkutano. Akampa dawa ya kuchua, akaandika maelezo kwa mkono wa kulia, maana wake wa kushoto ulikuwa juu tangu mwaka wauguzi walipogoma.

"Ukiitwa utashuka wenyewe," alisema. "Mimi bado nangoja."

Mama Vifungo alifumua blauzi zake upande wa kulia akazitia vifungo, apate kuzivaa. Kazini, msimamizi aliona mkono ule una faida, akawa anautundikia futi yake ya kupimia ili asiitafute. Wakataji walipopita hawakukosa la kusema.

"Mama Vifungo, basi unalolisimamisha halipiti hapa!"

"Naacha lenu lipite kwanza," alijibu. "Limejaa wanaume."

Kila mkutano wanawake wengine walinyoosha mikono, wakarudi nayo nyumbani hivyo hivyo. Mwishowe ukuta wote wa sinki ulikuwa mikono mitupu, na wenye mabenchi waliuzoea kama walivyozoea mabomba. Bibi Fagio, mkubwa wao, alimsogelea Mama Vifungo.

"Sema tu, mwanangu. Mdomo hauna kufuli."

"Chama kina utaratibu wake, bibi. Nikiropoka watasema ndivyo wanawake walivyo. Nitaitwa."

Bibi Fagio alimwangalia, akaendelea kugawa chai.

Nyumbani, Mama Vifungo alimwomba mumewe amsemee. Neno lenyewe ni fupi, alimwambia, halitamchosha. Mume alilisikiliza lote.

"Ni neno zuri," alisema. "Lakini jamaa watauliza nani kanituma. Watasema nimekaliwa na mke."

Mke alikuwa akimpaka mtoto mafuta, na kazi hiyo kwa mkono mmoja inataka utulivu.

Siku ya kura, mwenyekiti alisimama na koti lake. Uongozi umefikiri sana, alisema. Ukataji ni ufundi, hauokotwi njiani. Basi waanze kupunguzwa akina mama, kwani wao wana waume wa kuwalisha. Bibi Fagio, aliyemzika mumewe siku nyingi, alikohoa.

"Wanaokubali, mikono juu."

Benchini ilipanda michache. Wengine walikuwa wakitazama viatu vyao. Katibu hakujali. Alianza kuhesabu kutokea nyuma, akipita kando ya ukuta na kugusa kila mkono kwa ncha ya kalamu, kwa adabu.

"Katibu, huu si wa kukubali," alisema Mama Vifungo. "Huu ni wa kuomba kusema."

"Mama, mkono ni mkono. Na wakati wa kuhesabu watu hawasemi."

"Wanaokataa?" aliita mwenyekiti.

Wanawake wakanyoosha ya kushoto. Katibu alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Mtu hapigi kura mara mbili, alieleza. Mume wa Mama Vifungo alikuwa ameibana mikono yake yote miwili katikati ya magoti, na hapo ndipo ilipobaki.

Azimio likapita. Mwenyekiti aliwashukuru akina mama, ambao bila wao, alisema, lisingepita. Mabenchi yakapiga makofi. Wanawake wakashusha ya kushoto, wakaenda kuosha vikombe vya chai.

Sasa mume huenda kazini peke yake. Mama Vifungo hushinda nyumbani, na nguo ndogo za mtoto hukaukia kwenye mkono wake, kwa kuwa una joto. Jambo moja tu humrudia akiwa anaosha vyombo: kwamba alingoja kuitwa.

Jioni moja mume alikiweka kijiko chini.

"Haya, mama watoto. Mimi nakuita. Sema."

Akalisema lote, taratibu, bila kuruka neno. Bado lilikuwa zuri. Mkono ulitikisika kidogo, kisha ukatulia pale pale juu, maana wa kumwita hakuwa mumewe, alikuwa mwenyekiti. Mume aliinamia sahani yake, na chakula kikapoa.

Ng'ambo ya meza, binti yao alikuwa anaanza kunyoosha mkono aombe maji.

"Sema, mwanangu," Mama Vifungo alimwahi, kabla kiwiko hakijanyooka. "Sema upesi, nakusikia."