Mfuniko wa Samaki wa Cassamo

Samaki wa Cassamo hawakuwa wa kuliwa. Mtaa mzima pale Palma ulijua hivyo, na Palmira ndiye aliyejua kuliko wote, maana kila asubuhi alipochungulia dirishani kwa Bi Ancha alianza na hilohilo.

“We mla kaa! Leo nimekuja na ndimu na chumvi. Sufuria iko wapi?”

“Iko kichwani kwako, mchimba mihogo. Ingia ujipike.”

Walikuwa watani, tena si wa kujitungia. Utani wao ni wa kurithi, bibi zao walizikana na mama zao walizikana. Cassamo, mume wa Ancha, alipofariki, Palmira ndiye aliyevaa kofia ya marehemu akapita uani akichechemea kama yeye, anawadai waombolezaji tumbaku, mpaka Ancha mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka. Matanga yalipokwisha, Palmira akamkamata kuku wa Ancha mbele za watu, kuku mwenye mayai, akaenda naye kwake. Hakuna aliyepinga, na Ancha mwenyewe akamsifu. Mtani akichukua amechukua, ili mradi achukue watu wakiona.

Wale samaki walikuwa vitatange watatu, wadogo, wenye milia. Cassamo aliwatoa kwenye vidimbwi vya miambani maji yalipokupwa, akaja nao ndani ya kopo, anacheka kama mtoto. Sanduku la kioo alilipata kwa mgeni mmoja wa kampuni ya gesi aliyekuwa anahama. Lilikuwa sanduku tupu, halina mfuniko wala chujio wala taa. “Tutalitafutia, mke wangu, kidogo kidogo,” alisema. Homa ikamchukua kabla hajatafuta chochote.

Basi Ancha akaona kazi hiyo ameachiwa yeye. Kila siku alichota maji ya bahari kwa ndoo. Lakini sanduku lisilo na mfuniko ni shida. Maji yanapungua, chumvi inabaki inakolea, mjusi anaanguka ndani, samaki naye akishtuka anaruka nje. Alijinyima, akaweka akiba, akamwomba Palmira amsindikize dukani kwa Abdurremane.

Abdurremane alimtolea mfuniko wa kioo wenye bawaba, chujio la mota la kuning'iniza pembeni, na taa ndefu ya buluu. Ancha akaushika ule mfuniko kwa mikono miwili. Kwenye pembe moja ulikuwa na alama ya kuungua, kama ya sigara.

“Huu ndio Cassamo angeutaka,” alisema.

Palmira akamvuta kando. “Una wazimu? Kioo kitakuvunjikia. Mota inataka umeme, na umeme wetu unakuja kama mkwe, mpaka uitwe. Na hiyo taa ya buluu ni ya disko. Samaki wa mjane watacheza disko?”

Abdurremane alicheka, Ancha naye akacheka.

“Sikiliza. Mfuniko, chukua kipande cha chandarua, mimi nitakupigilia fremu ya mbao. Chujio, kata chupa, tia kokoto na sponji mpya ya godoro isiyojua sabuni, halafu ununue ile pampu ndogo ya hewa ya sola. Taa, hiyo hapo ya kuchaji juani, uitundike darini. Usiilaze juu ya wavu, chumvi itaila.”

Ulikuwa ushauri mzuri, na hilo ndilo lililokuja kumuuma Ancha baadaye. Ancha aliufuata wote, na maji yaling'aa. Mapovu yalipanda, uchafu ukashikwa na sponji, na vitatange wakashiba na kuzubaa chini ya taa kama watu wa harusini.

Kisha mmoja akatoweka.

Palmira ndiye aliyeiona kona ya wavu imelegea. “Karuka, masikini. Paka kamaliza.” Ancha alitafuta chini ya kitanda na nyuma ya sanduku la nguo, asipate hata gamba. Akaushona wavu upya kwa mshipi wa kuvulia. Palmira akasema labda taa inawashtua, Ancha akawa anaizima mapema. Alipotoka msibani siku moja akakuta wa pili naye hayupo, na huyo ndiye aliyekuwa na pengo mkiani, aliyekuwa anakuja mbio ukigonga kioo kwa pete. Ancha alikaa chini sakafuni. “Cassamo, nisamehe,” alisema. “Hata mfuniko umenishinda.” Palmira akakaa naye, akamshika bega, wakalia pamoja.

Akabaki kitatange mmoja. Ancha akaweka jiwe juu ya fremu.

Msimu wa karanga ulipofika, alikwenda kijiji cha Mute kutafuta mbegu. Mvua ikamkuta hukohuko, akajibanza kwenye mgahawa mpya wa kando ya barabara. Ndani, juu ya kaunta, mwanga wa buluu ulikuwa unawaka katika sanduku la kioo, na chujio la mota linanguruma taratibu. Na mfuniko wa kioo ulikuwa na alama ya kuungua kwenye pembe.

Ancha alisogea, akagonga kwa pete. Mwenye pengo akaja mbio.

“Wazuri, eh, bibi?” Msichana wa mgahawa alikuwa anafuta meza. “Mimi Luzia, nimeolewa na Milton. Samaki hao kaniletea mama mkwe, Palmira wa kule Palma. Jirani yake mmoja kawachoka, anasema, macho hayamsaidii tena, alikuwa anataka kuwamwaga. Wateja wanawapenda! Hata mfuniko na taa kaninunulia yeye, siku ileile alipomsindikiza huyo jirani dukani.”

Siku ileile. Kwa hiyo walipoagana mlangoni wakicheka, Palmira alirudi dukani. Na wavu ule, alioupigilia kwa mkono wake, alijua utafunguka wapi.

“Bibi, unaumwa? Kaa.”

“Siumwi, mwanangu.” Maji yalikuwa safi kuliko ya kwake. Samaki walikuwa wamenenepa. Kuwabeba kwenye ndoo kwa barabara ile ni kuwaua. “Usiwape mkate,” alisema. “Huyo wa pengo mkate unamvimbisha.”

Asubuhi Palmira akachungulia dirishani kama kawaida. “We mla kaa! Hujafa tu? Ndimu yangu inakauka!”

Ancha akainuka, akafuta kiti kwa kanga. “Karibu, Mama Milton. Umeamkaje?”

Palmira akacheka, akaingia, akangoja tusi lake. Ancha akamletea chai.

“Chai gani hii? Umechota topeni?”

“Samahani, mama. Nikuongeze sukari?”

Kicheko kikakatika. Palmira alitazama sanduku la kioo, akatazama lile jiwe. “Umekwenda Mute.”

“Nilikwenda kutafuta mbegu.”

“Ancha, ni utani tu. Mimi si mtani wako? Nimechukua kitu cha mtani wangu.”

“Kuku ulimchukua watu wakikuona. Nilikusifu.”

“Basi nitukane! Niite mwizi, niite nyani, niite chochote.”

“Nitakuitaje hivyo, mama, nawe ni mgeni wangu?”

Palmira aliishika chai bila kuinywa, mpaka ikafanya utando. Kisha akaiweka chini, akatafuta viatu vyake. Ancha alimsindikiza mpaka mlangoni, kama anavyosindikizwa mtu mliyejuana naye jana, akamwambia awasalimie nyumbani.