Imla ya Saa Kumi

Mama yangu alihamia kwetu baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, akaja na mabegi mawili. Moja la nguo. La pili, ambalo hakutaka mtu aliguse, lilijaa madaftari na kalamu nyekundu zisizopungua thelathini. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane. Yeye kastaafu, ualimu umegoma kustaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu.

Wiki ya kwanza alisahihisha kila kilichoandikwa humu ndani. Kikaratasi alichobandika mke wangu kwenye friji kilizungushiwa duara tatu. Maelekezo ya dawa zake mwenyewe aliyapa sitini kwa mia. Kinyozi wa jirani aliambiwa bango lake ni aibu, na bwana yule, mtu mzima na ndevu zake, akatoka na brashi kulirekebisha. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Niseme ukweli mapema, maana uongo umenichosha. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, msimamizi wa karakana yenye mafundi sita, na tahajia sina. Kusoma nasoma, taratibu. Nikishika kalamu ndipo balaa linapoanza. Herufi nyingine naziruka, nyingine nazipeleka mahali pasipo pake, na nikirudia kusoma sioni kosa hata moja. Kwa hiyo siandiki. Wateja nawatumia ujumbe wa sauti, mpaka wamenibandika jina Fundi Sauti. Ripoti za kazi nazisema, karani anaandika, mimi natia sahihi. Watu wanadhani ni maringo ya ubosi, nami nawaacha wadhani. Aliyejua ni mke wangu peke yake, naye alijua baada ya miaka miwili ya ndoa.

Mama hakujua. Alijua tu kwamba utotoni nilimsumbua.

Sasa tuna binti wa miaka tisa, tunamwita Nyuki kwa sababu hanyamazi, anavuma tangu anaamka. Mama alipoona daftari lake la shule alishika kichwa. "Lahaula! Huyu mtoto anaandika au anamwaga mchele?" Kuanzia siku hiyo, kila saa kumi jioni, meza ya kulia chakula ikawa darasa. Maneno ishirini. Mama anatamka, Nyuki anaandika, kalamu nyekundu inapita. Kila neno lililokosewa linaandikwa tena mara ishirini, na hakuna kuinuka mpaka yaishe.

Nyuki alikuwa anapata saba. Akijitahidi sana, nane.

"Ni uvivu wa macho tu," Mama alituambia mezani. "Samaki mkunje angali mbichi. Baba yake alikuwa hivihivi, nikamnyoosha, na leo mnamwona, bosi wa watu." Nyuki akanigeukia, akinitazama kwa heshima nisiyostahili. Mke wangu naye akanitazama, kwa jicho ambalo halikuwa la heshima hata kidogo. Nikaomba chumvi.

Baada ya mwezi, Nyuki alianza kuumwa tumbo. Tumbo hilo lilikuwa na saa yake, bwana wee. Asubuhi ni zima, mchana ni zima, ikifika saa tisa na nusu linakata. Mke wangu aliniambia, "Unajua dawa ya hilo tumbo unayo wewe." Nikamjibu kwa ukali kwamba nina kazi, nikaondoka. Mtu mwoga hakosi kazi.

Alhamisi moja nilipita nyumbani kuchukua kipimo cha gesi nilichokisahau. Nikamkuta Nyuki amejikunyata kwenye uchochoro wa nyuma, kati ya ndoo na shuka zilizoanikwa. Alikuwa kimya. Kwa mtoto yule, ukimya ni ugonjwa. Nikachuchumaa.

"Tumbo?"

Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu, "Baba, wewe ulikuwa mjinga mpaka darasa la ngapi?"

Alitaka kujua amebakiza miaka mingapi. Aliamini kuna siku itafika, kama nilivyofikiwa mimi, na alikuwa anaihesabu. Na aliyempa hesabu hiyo ya uongo ni mimi, kwa kukaa kimya na kuomba chumvi. Nilijikasirikia, nikamkasirikia Mama, nikazikasirikia hata zile shuka. Nikamshika mkono tukaingia ndani.

Mama alikuwa ameshakaa, miwani puani, daftari mbele yake. Nikavuta kiti cha pili, nikachana karatasi, nikachukua penseli.

"Wewe unafanya nini?" Mama akauliza.

"Nafanya imla."

"Acha masihara, mtoto ana kazi."

"Tamka, Mama."

Akatamka. Maneno ishirini. Jasho lilinitoka, mimi ninayepanda paa la ghorofa tano kufunga kiyoyozi bila kutetemeka. Nyuki alikuwa ameziba karatasi yake kwa kiwiko ili nisimwibie, na kwa kweli ningemwibia.

Mama alianza na ya Nyuki. Tisa. Kisha akavuta yangu. Kalamu ilikwenda kwa kasi mistari mitatu, ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Unanifanyia dhihaka," alisema. "Umekosea makusudi ili nimwonee huruma mtoto."

"Sikukosea makusudi."

"Andika tena. Mara hii kiutu uzima."

Akatamka tena maneno yaleyale. Nikaandika tena, polepole, ulimi nje kama mtoto. Akasahihisha. Mara ya kwanza nilipata sita. Mara ya pili tano.

"Nimemshinda Baba!" Nyuki aliruka, kiti kikaanguka. "Bibi, nimemshinda Baba! Baba, na wewe hujui?"

"Sijui, mwanangu. Sijawahi kujua. Na mjinga sijawahi kuwa, nisikilize vizuri. Friji iliyowashinda watu wanaojua kuandika inaletwa kwangu."

Alinitazama kwanza, kuhakikisha simtanii. Kisha akaanza kuvuma: nafanyaje kazini, nani ananiandikia, mama yake anajua? Nikamjibu yote, mbele ya bibi yake. Mama alikuwa ameishika karatasi yangu kwa mikono miwili.

"Nilikuchapa," alisema. "Darasani kwangu, mbele ya wenzako."

"Ndiyo."

"Nikasema nimekunyoosha."

"Hukuninyoosha, Mama. Nilijifunza kujificha tu."

Akavua miwani. Sikuwa nimewahi kumwona akivua miwani kabla ya kumaliza kusahihisha. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Ndiyo maana uliacha kuandika barua?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipopelekwa mji mwingine kujifunza ufundi. Niliandika nyumbani barua moja, siku mbili nzima naiandika. Baada ya wiki tatu ilinirudia barua yangu ileile ndani ya bahasha mpya. Alikuwa ameisahihisha. Chini ameandika kwa wino mwekundu: rudia.

"Ndiyo," nikasema. "Sikuandika tena."

"Mimi nilikuwa nakusubiri." Aliigeuza miwani mkononi. "Nilijua utairudia vizuri, utanitumia. Kila Ijumaa nilipita posta. Mwaka mzima nilipita, nikasema basi, mwanangu kapata mji, kanisahau. Miaka yote hii nimeliweka hilo moyoni, nikiona haya kukuuliza."

"Sikukusahau, Mama. Niliogopa."

Akaifuta meza kwa kiganja, japo ilikuwa safi.

"Ile barua ilikuwa inasema nini?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Hukumbuki?"

"Nakumbuka makosa," Mama alisema. "Yalikuwa kumi na manne. Ninayakumbuka moja moja. Ilichosema sikumbuki. Nadhani hata sikukisoma." Na machozi yakamtoka, mwanamke ambaye hata msibani kwa baba hakulia mbele yetu.

Nyuki akaenda akasimama karibu na goti zima la bibi yake.

"Ilisema ninaumwa," nikamwambia. "Homa, siku ya tisa. Nalala karakanani, chini, na fundi anayenifundisha anasema nikishindwa kazi nirudi kwetu. Nilikuwa naomba uje unichukue."

Mama akafunga macho. Akaufikia mkono wangu juu ya meza, akaushika kwa nguvu, penseli ingali vidoleni mwangu.

"Niambie yote," alisema. "Tangu mwanzo, kama ulivyoandika. Safari hii nasikiliza."

Nilikuwa bado ninaikumbuka. Nikamwambia.