Redio Mpya na Zahanati Saba

Nimeambiwa nina mdomo tangu nikiwa darasa la pili, kwa hiyo mkurugenzi aliponiambia nipunguze mdomo sikuona jipya. Alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yangu ya redio, karatasi mkononi, akanisomea kwamba baada ya wiki nne, Jumatatu saa mbili asubuhi, kituo cha zamani cha redio kinazimwa, na tangu hapo magari ya wagonjwa yataitwa kwa redio mpya tu. Nikamuuliza, na zile zahanati saba za nyuma ya kilima? Akasema zitasubiri. Zisubiri nini? Redio zao mpya, ambazo kampuni imeahidi kuzileta ndani ya miezi kumi na minane.

Mmoja wa hao wa kusubiri ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Ni mkunga wa zahanati ya mwisho kabisa kule nyuma, ambako simu ya mkononi kazi yake ni kumulika tu. Mama akishindwa kujifungua, mdogo wangu hana cha kuitia gari ila redio ya zamani iliyotundikwa ukutani juu ya sinki, na redio hiyo, hizi zetu mpya haziielewi hata neno. Nikamuuliza mkurugenzi, miezi kumi na minane ni wanawake wangapi? Akaniambia ndiyo maana watu wanalalamika juu ya mdomo wangu, akaenda zake.

Ngoja nieleze kidogo, maana hasira bila maelezo ni kelele tu. Redio ya zamani kazi yake imechomelewa ndani. Ukitaka ifanye kingine, shika pasi ya kuchomelea. Redio mpya ni boksi la kompyuta lenye antena. Inakuwa kile programu inachoiambia iwe: leo inaongea hivi, kesho unaipakia programu nyingine inaongea vile. Na kipo kiwango cha wazi, makubaliano yaliyoandikwa na yeyote anaruhusiwa kuyasoma, yanayosema programu iombe vipi masafa, iombe vipi sauti, iombe vipi nguvu ya kurusha. Ukiyafuata, programu niliyoiandika mimi kwenye boksi hili itafanya kazi kwenye boksi la kampuni nyingine inayoyafuata pia. Na maboksi tuliyonunua yalikuja na cheti kwamba yanayafuata. Cheti hicho nilikisoma mpaka nukta ya mwisho.

Basi nikaandika programu ya kuifanya redio mpya iongee kama ile ya zamani. Wiki tatu, kila nilipopata upenyo kati ya kazi za watu, kwenye boksi la majaribio la kampuni nyingine lililokuwa mezani kwangu. Siku mdogo wangu aliposikika humo, safi kabisa, nilicheka peke yangu mpaka opereta wa chumba cha kupokelea miito akaja kuangalia kama nimeingiwa na wazimu. Opereta huyu ni mzee mmoja mpole, sote tunamwita Masikio, kwa sababu anamtambua anayeita kwa pumzi kabla hajajitaja.

Wa kunikatisha tamaa alikuwa mjumbe wa kampuni iliyotuuzia redio mpya, kijana wa suti na tabasamu lisilozimika. Kwanza aliniambia kupakia programu isiyo yao haiwezekani. Wiki ya pili akasema ni hatari. Wiki ya tatu akasema ni marufuku. Nikamwambia achague moja, maana jambo lisilowezekana halina haja ya kupigwa marufuku. Mkurugenzi alichoka kutusikiliza, akatoa amri: Ijumaa saa nne, chumba cha miito, mbele ya wote, jaribio moja. Nikishindwa, hataki kusikia tena habari za zahanati kutoka kwangu.

Ijumaa saa nne nikapakia programu kwenye boksi la kampuni yake. Boksi likaandika kwamba limeipokea programu. Mdogo wangu alikuwa ameshaambiwa aanze kuita saa nne na robo. Ikafika na robo, ikafika na dakika ishirini, boksi kimya. Nikaita mimi, kimya vilevile. Mjumbe akaniambia, kwa upole ule wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba redio si chungu cha kila mpita njia kutia chumvi yake. Damu ikanipanda. Nikamwambia mbele ya mkurugenzi kwamba wametufungia mlango kwa ndani, na cheti chao ni karatasi ya kufungia maandazi.

Hakubishana. Alifungua kumbukumbu za boksi, akanigeuzia skrini nisome mwenyewe.

Nikasoma, nikahisi masikio yanawaka. Programu yangu haikuwa imeomba kurusha kwa njia ya makubaliano. Ilikuwa imekwenda moja kwa moja kuamrisha kidude cha kurushia cha lile boksi langu la mezani, kwa namba yake, na kwenye boksi hili kidude chenye namba hiyo hakipo. Nikakumbuka: wiki ya pili, nina haraka, sauti inakatikakatika, nikafanya kama mteja anayeruka kaunta kuingia jikoni kujipakulia, nikajisemea nitarekebisha baadaye. Mimi, niliyewahubiria watu kiwango cha wazi wiki tatu nzima. Nyani haoni kundule, na langu lilikuwa kwenye skrini mbele ya bosi wangu.

"Kosa ni langu," nikasema. "Boksi lao halijakosea. Na wewe, bwana, nilichokutuhumu nakifuta."

Mkurugenzi akafunga faili lake. Mjumbe akaanza kukusanya nyaya.

"Lakini sijamaliza," nikasema. "Boksi limeipokea programu yangu, limeisoma, limenionyesha kosa langu mstari kwa mstari. Hilo ndilo jambo mliloniambia haliwezekani."

Mkurugenzi akasema kikao kimekwisha na chumba kinahitajika. Nikamjibu siondoki. Akauliza kama nimemsikia vizuri. Nikasema nimemsikia, na maji nimeshayavulia nguo, nitayaoga, akitaka aite walinzi. Masikio akanisogezea kiti chake bila kumtazama mtu, akasema chumba cha miito ni chake mpaka saa nane na yeye haoni anayemsumbua.

Walibaki. Mjumbe kwa sababu boksi lilikuwa chini ya dhamana yake, mkurugenzi nadhani kwa sababu alitaka kuona nikianguka mara ya pili. Mistari yenye kosa ilikuwa kumi na mmoja. Niliifuta yote, nikaiandika upya kwa njia ya makubaliano, huku nikijikasirikia. Dakika arobaini baadaye nikapakia tena, nikaita.

"Nakusikia, dada," mdogo wangu akajibu. "Umechelewa."

Mjumbe akatikisa kichwa. Akasema sauti hiyo imepitia kituo cha zamani, si bado kinawaka pale kwenye kabati? Haikuwa kweli, lakini mkurugenzi alinitazama mimi, na niliona anataka kuamini hivyo ili aende akale chakula chake kwa amani. Nikainuka. Nikaenda kwenye kabati, nikazima swichi ya kituo cha zamani, siku tatu kabla ya tarehe, bila ruhusa ya mtu. Taa zikafa. Mkurugenzi akaniita kwa ukali. Nilijua nilichofanya: kuanzia hapo zahanati zote saba zilikuwa zinaning'inia kwenye mistari yangu kumi na mmoja, na kama nimekosea tena, ningestahili kufukuzwa na zaidi.

Masikio akaandika saa kwenye daftari. Nikabonyeza, nikaita. Kimya. Nikaita tena.

Halafu Masikio akainua kichwa, akasema ni yeye.

"Kituo, hapa zahanati ya mwisho." Sauti ya mdogo wangu ilikuwa imebadilika. "Dada, majaribio basi. Nimeletewa mama sasa hivi, mtoto ametanguliza mkono. Nahitaji gari."

Masikio alikuwa ameshaanza kuliita gari. Mjumbe akasema, haraka haraka, kwamba programu ile ina idhini ya majaribio tu, si ya kujibu wito wa kweli, tuwashe kwanza cha zamani, na kwamba ataandika ripoti. Nikamwambia aandike na jina langu kwa wino mweusi. Nilikuwa nimekwisha kushika kipaza sauti pale mkurugenzi aliponipokonya.

Nikafikiri ameamua kutuzima. Niliunyoosha mkono nimnyang'anye, bosi au si bosi. Akanisukuma kwa kiwiko, akabonyeza.

"Zahanati ya mwisho, hapa ni mkurugenzi," akasema. "Gari limeshatoka. Tunakusikia vizuri. Ongea na dada yako mpaka lifike."