Volet za Mama Godelieve

Hii ilikuwa wiki ya tatu Godelieve anakataa kuingia katika nyumba yake mwenyewe. Usiku analala kwa jirani. Asubuhi anakuja na kiti chake, anakaa uani, anaitazama nyumba, anatikisa kichwa. Na Constance, binti yake, ameuza ndagala, dagaa wa ziwani, miaka minne hapa mjini Baraka ili aijenge upya palepale ilipokuwa, juu ya msingi uleule! Haya, jasho lote hilo, halafu mwenye nyumba anasema si yake.

"Nyumba yangu iko na volet," mama alisema, na maneno yakaishia hapo.

Volet ni zile mbao mbili mbili zinazofunga dirisha kwa nje. Constance hakuwahi kuziona. Alizaliwa kambini Tanzania, miezi michache baada ya mama kukimbia vita na mimba na baba kufia njiani. Lakini utoto wake wote alisimuliwa habari zake. Basi akapima madirisha kwa kamba yenye mafundo, akaipeleka kijiji cha Lweba kwa fundi seremala Alphonse, mzee asiyependa kuharakishwa. Wakapatana mbao ngumu za libuyu, rangi ya kijani kama mama alivyosimulia.

Wiki iliyofuata mama akasema zilikuwa za buluu. Constance akampigia fundi simu. Baada ya siku mbili, mama akasema hapana, kijani. Constance akashika kichwa. Mtu anasahauje rangi ya nyumba aliyoililia miaka yote hiyo? Ni uzee? Ni ukaidi tu? Au mama hataki kukaa naye, ila anaona haya kusema? Hilo la mwisho lilimuuma hata chakula kikamshinda.

Jumanne Alphonse akafika na mzigo wake kwenye pikipiki, volet za kijani zinazong'aa. Alipoingia uani akasimama ghafla. Akamtazama mama kitini, akamvuta Constance nyuma ya jiko. Alimwambia kwamba kabla ya vita yeye alikaa barabara hiihii, na kiwanja hiki anakijua vizuri.

"Mutoto yangu, hii nyumba haikuwa na volet hata siku moja. Madirisha walikuwa wanafunga na mukeka."

Sasa yeye amekua akisimuliwa nyumba ya nani? Akaenda kupiga magoti mbele ya mama, akamuuliza kwa hasira na huruma hizo volet zilitoka wapi.

Mama hakushtuka hata kidogo.

"Baba yako alishakata mbao," alisema. "Ni rangi tu hatukusikilizana. Yeye alitaka buluu, mi kijani. Tuligombana ile asubuhi, kisha watu wakaanza kukimbia. Tulikimbia tumenuniana."

Constance akabaki hapohapo chini. Fundi naye, kwa kukosa la kufanya, akaanza kupachika bawaba. Alipomaliza dirisha la kwanza mama akainuka, akaipapasa mbao kutoka juu hadi chini.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini uzipake buluu. Nilikuwa namubishia tu."

Akavua kandambili, akaingia.

Constance na Alphonse wakabaki nje wakitazamana. Kutoka chumbani mama alikuwa anauliza kwa ukali nani ameweka kitanda upande huo, na Constance hakujua kama anayeulizwa ni yeye au ni baba.