Maua ya Ng'ombe wa Filomena

Kila mwaka ikifika Mei, mimi ndiye ninayekaa kuandika ile karatasi ya rangi nne mnayoikuta kwenye meza za hoteli zetu: "Mambo Kumi na Manne ya Kufanya Likizoni Gampelried". Nimeiandika miaka kumi na tisa sasa. Ukiniuliza mimi mwenyewe mambo ya kufanya hapa kijijini, nitakutajia mawili: kukamua ng'ombe asubuhi na kukamua ng'ombe jioni. Lakini hakuna mgeni anayesafiri siku nzima kuja kufanya hayo, kwa hiyo nililazimika kubuni mengine kumi na mawili.

Kuna kupanda mlima hadi kileleni, kuitazama milima mingine ambayo hukuipanda, kisha kushuka. Kuna kulala uchi ndani ya lundo la nyasi kavu zilizopashwa moto, umefunikwa shuka, huku ukiambiwa kwamba unapona. Ng'ombe wetu wanalala kwenye nyasi hizo hizo tangu wazaliwe na sijawahi kumwona hata mmoja akishukuru. Kuna masomo ya kupuliza ile pembe ndefu ya mbao, kila Jumanne saa kumi jioni, ambapo mabwana wakubwa wa mabenki wanavimbisha mashavu mpaka yanaiva, na pembe inatoa sauti ya mbuzi aliyevimbiwa. Jirani yangu, mzee Alois, ameshaandikia halmashauri barua saba za kulalamika. Kuna pia kukumbatia mti. Hilo msinisingizie mimi, lililetwa na mkurugenzi mpya.

La kumi na nne, ambalo ndilo linalojaza hoteli mwezi wa Septemba, ni kushuka kwa ng'ombe. Wanakuwa wamekaa kiangazi kizima kwenye malisho ya juu. Siku hiyo wanarudishwa kijijini wakiwa na mataji ya maua vichwani na makengele shingoni, na wageni wanajipanga pande zote mbili za barabara, simu juu, kana kwamba ng'ombe ni kitu kilichovumbuliwa jana. Mwaka huu niliandika hivi, na ninayarudia kwa aibu: "Njooni muone ng'ombe thelathini wa Balz na Filomena waliopendeza kama maharusi."

Hayo niliyaandika Mei. Tarehe kumi na tisa Agosti, Filomena akafa.

Alikuwa dada yangu, mke wa Balz. Kule malisho ya juu, alikuwa akibeba maziwa kutoka zizini kwenda kwenye sufuria ya jibini. Akaitua ndoo vizuri, bila kumwaga hata tone, akakaa kwenye ngazi, akawa amekwenda. Ni moyo, walisema. Helikopta ilifika haraka sana, na wageni waliokuwa wakipanda mlima waliipiga picha.

Sasa, kwetu sisi jambo hili halina mjadala. Msimu ukiisha salama, ng'ombe hushuka na maua. Mtu akifa huko juu, au ng'ombe akianguka gengeni, wanashuka vichwa vitupu, na kengele zinajazwa nyasi zisilie. Hakuna aliyeliandika popote. Hata wale ambao kanisani wanaingia siku ya kubatizwa na siku ya kuzikwa tu, hata Alois anayebishana na saa ya ukutani, hilo hawalibishii.

Mkurugenzi wetu wa utalii, Bwana Remo, hakulijua. Alitoka mjini mwezi wa pili, ana miaka thelathini na miwili, viatu vyake vya kupandia mlima havijawahi kuona tope. Nilipomweleza alinisikiliza kwa huruma kubwa, kichwa amekiinamisha upande, jinsi walivyomfundisha kwenye kozi.

"Pole sana, Bi Ottilia. Pole kutoka moyoni kabisa," akasema. "Ila mabasi tisa yameshathibitisha."

"Mabasi nayo yanahusika vipi na matanga ya dada yangu?"

"Si hivyo, mama. Watu wanakuja kuona maua. Wameahidiwa maua. Tena umeandika wewe, umeandika vizuri kweli: kama maharusi."

"Niliandika Fila akiwa hai."

"Naelewa. Naelewa sana. Sasa fanya hivi, zungumza na shemeji yako. Wewe ni ndugu, atakusikia. Si lazima yawe maua ya kupiga kelele. Yawe ya zambarau! Zambarau ni rangi ya heshima."

Nilipaswa kumtukana. Nimeshawatukana wakurugenzi watatu kabla yake, na wote walikuwa na mvi. Badala yake nikasema nitajaribu. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani nilitaka siku ile ifanane na siku za kushuka za miaka yote, ili nijidanganye kwamba hakuna kilichotokea. Au niliogopa tu mabasi tisa. Chagueni wenyewe, yote mawili hayanipambi.

Basi asubuhi ya siku yenyewe nikapandisha gari langu mpaka malishoni, mataji thelathini ya zambarau yamejaa nyuma, harufu yake imejaa gari zima. Njiani nilikuwa nikijipanga maneno. Nilikuwa na hoja nzuri mno. Miaka kumi na tisa ya kumshawishi mtu kwamba kulala kwenye nyasi za ng'ombe ni likizo si mchezo.

Nilimkuta Balz amekaa mbele ya kibanda, kengele kubwa mapajani, anaijaza nyasi. Balz ni mtu wa maneno sita kwa siku, na manne kati ya hayo anawapa ng'ombe.

"Karibu, shemeji. Kahawa ipo."

"Asante. Balz, nimeleta..."

"Nimeona." Hakuinua kichwa. "Nani anaoa?"

"Ni wazo la Remo. Kidogo tu, ya zambarau. Kuna watu wengi wanakuja."

"Waje."

"Balz, hebu nisikilize. Fila mwenyewe alikuwa anayapenda haya maua. Si yeye aliyekuwa akiyafunga kwa mikono yake kila mwaka, wiki nzima, vidole vinatoka damu? Asingetaka kuwaona ng'ombe wake wakipita kama wanaenda machinjioni. Tungefanya kwa ajili yake."

Kwa ajili yake! Niliyasema hayo bila kupepesa jicho. Kama kuna mtu alikuwa anatoa tuzo ya unafiki siku ile, ningeshuka nayo mlimani.

Balz akaiweka kengele chini, pole pole, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Shemeji, Fila alikungoja."

Nikageuka kulitazama gari langu lililojaa maua.

"Alikuwa anasema, Tilia atakuja Jumatatu. Jumatatu ikipita, anasema, basi Jumatatu ijayo. Kila siku anakitandika kile kitanda cha dirishani. Nikamwambia, we mwanamke, dada yako ana wageni huko chini, mwache. Akasema, basi na mimi niwe mgeni, aniandike kwenye karatasi yake."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile, na sikutaka kuyasikia, kwa sababu yalikuwa kweli. Mwanzoni mwa Julai Fila alinipigia simu. Alisema mkono wa kushoto unamuuma, hawezi kukoroga jibini peke yake, nipande nimsaidie wiki mbili. Nikamwambia msimu umepamba moto, nitapanda ukipoa. Na nikamwambia kitu kingine, ambacho Balz hakijui na sikumwambia hata siku ile. Nilimwambia ajaribu kulala kwenye nyasi za moto, wageni wanasema zinasaidia. Tukacheka wote wawili kwenye simu. Alikuwa na kicheko kikubwa, Fila, ulikuwa lazima uiweke simu mbali na sikio.

Nililia. Sina namna nzuri ya kulisema hilo, nililia mpaka kamasi, nimekaa kwenye ngazi ile ile. Balz hakunibembeleza, si kazi yake. Alinisogezea kengele na fungu la nyasi. Nikaanza kujaza. Unazishindilia mpaka ulimi wa kengele usicheze, ukiacha nafasi kidogo tu, italia njia nzima. Tulijaza zote thelathini. Wakati huo Zitta, yule ng'ombe anayeongoza wenzake, alikuwa ameingiza kichwa kwenye dirisha la gari langu na kuanza kula heshima ya Bwana Remo, taji moja baada ya jingine.

"Mwache ale," Balz akasema. "Ana njaa."

Nikatangulia kushuka, maana kila mwaka mimi ndiye mtangazaji mwenye kipaza sauti. Kijiji kilikuwa kimejaa. Wageni walikaa mpaka kwenye kuta za makaburi, wengine wanakula soseji juu yake. Remo alikuja mbio, akachungulia gari.

"Yameisha yote? Safi sana, mama! Nilijua atakusikia."

"Zitta kayapenda sana," nikamjibu.

Wakatokea kwenye kona ya juu. Mara nyingi unawasikia nusu saa kabla ya kuwaona. Safari hii hapakuwa na sauti, ila kwato kwenye lami na pumzi. Balz mbele, shati jeusi, kofia mkononi. Zitta nyuma yake na ile kengele kubwa imening'inia bubu, halafu wengine wote, vichwa vitupu. Watu wa kijiji walielewa hapo hapo. Nilimwona Alois akivua kofia. Mwenye duka la mikate alitoka na aproni yake, akafanya ishara ya msalaba. Fundi wa mabomba, ambaye ana kesi ya uzio na Balz tangu mwaka wa mafuriko, aliinamisha kichwa.

Wageni walisubiri kidogo. Halafu mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Walipiga makofi kwa nguvu, masikini, wengine wakipiga miluzi. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akauliza kwa sauti, "Maua yako kwenye kundi linalofuata?"

"Maua yako wapi?" Remo akaninong'oneza, meno yamebana. "Mama, maua yako wapi? Sema kitu! Wachangamshe!"

Nikawasha kipaza sauti.

"Hawa ni ng'ombe wa dada yangu, Filomena," nikasema. "Alifia huko juu mwezi uliopita, akifanya kazi ambayo aliniomba nikamsaidie. Kwetu, mtu akifa mlimani, ng'ombe hawavai maua. Niliwaahidi maua, nilikosea. Naomba msipige makofi."

Yakakoma. Lazima niwatendee haki wale wageni ambao nimewasema vibaya maisha yangu yote. Simu zilishuka moja moja. Waliokuwa kwenye ukuta wa makaburi waliteremka, na mama wa kofia ya manyoya aliivua, akaikumbatia kifuani. Ng'ombe thelathini walipita katikati ya watu mia nne na ungeweza kusikia mkia ukipiga ubavu.

Remo alikuwa bado kando yangu. Macho yake yalikuwa na machozi, tena machozi ya kweli, nakiri.

"Bi Ottilia," akasema kwa sauti ya chini. "Hii imenigusa. Imegusa watu wote, si umewaona? Unajua, hii ina nguvu kuliko maua. Unadhani tunaweza kuifanya kila mwaka?"

"Tunaweza," nikamwambia. "Ila kila mwaka lazima afe mtu. Mwakani nikuandike wewe?"

Nikamkabidhi kipaza sauti chake.

Kundi lilikuwa linamalizika kupita. Nyuma kabisa, anapotembea mke wa mwenye ng'ombe na fimbo yake kuwasukuma wavivu, hapakuwa na mtu. Balz alikuwa amepaacha wazi. Hata mbwa wa Balz alikuwa akitembea ubavuni mwa kundi, hakuthubutu kuingia pale. Ndama wa mwisho alikuwa anasita sita, anageuka kutazama nyuma, anasubiri kusukumwa na mtu aliyemzoea.

Niliingia barabarani na viatu vyangu vya ofisi. Nikamgusa yule ndama mgongoni kwa kiganja, akaenda. Balz aligeuka huko mbele, akaniona. Akasimamisha kundi zima, akarudi mpaka nilipo, na ile fimbo ya Fila aliyokuwa ameibana kwapani akanipa.

"Umechelewa, shemeji," akasema.

"Najua."

"Tembea basi."

Nikatembea, na kila hatua nikimwomba Fila radhi kwa sauti, mbele ya mabasi tisa, bila kipaza sauti.