Mlango wa Fundi Mitumbwi

Mkwe wangu Odongo alikuwa fundi mitumbwi huko visiwani, katikati ya ziwa. Binti yangu Queen alipofikisha mimba ya miezi sita akamwambia amechoka kukaa peke yake, mume atafute kazi karibu na nyumbani. Basi nikawapa karakana ya marehemu mume wangu, hapa nyuma ya nyumba, Igoma. Meza ya kazi ipo, randa zipo, jiliwa ya kubania mbao ipo.

Akaja Machibya, anayejenga vyumba vya kupangisha huko juu. Akataka mlango mmoja kwanza. Ukimpendeza, atatoa kazi ya mingine kumi na mmoja. Usipompendeza, Odongo hana kazi nyingine, ni kurudi visiwani. Tajiri wake wa mitumbwi alikuwa anapiga simu kila siku kumwita.

Mbao za mninga zilivuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga asubuhi. Zilipopangwa ukutani nje nikaweka shavu kwenye moja. Ilikuwa baridi. Mbao yenye baridi shavuni bado ina maji, marehemu alinifundisha hivyo. Lakini fundi mitumbwi hajali ubichi, maana mtumbwi unaishi majini, mbao haipati nafasi ya kukauka. Mlango unaishi juani. Jioni yake Odongo keshaanza kupiga randa.

Kumwambia sikuweza. Kwetu Wasukuma mama mkwe hamkosoi mkwe usoni, wala haingii anapofanyia kazi. Kwa Wajaluo, watu wa Odongo, ndiyo zaidi. Nikamtuma Queen. Queen akamwonea huruma mumewe, akafikisha kwamba mama anausifia mninga.

Zikapita siku kumi na mbili za jua la Agosti. Mlango umeegeshwa ukutani, nikaona mwanga unapita katikati ya mbao. Odongo akafanya alichokijua: akasokota pamba, akaishindilia kwenye nyufa kwa patasi butu, kama anaziba mtumbwi. Kisha akaanza kukoroga rangi. Machibya anakuja kesho.

Nikajifunika kanga kichwani, nikasimama nje ya karakana, mgongo nimempa yeye, uso nikaupa ubao mmoja ulioegemea pale.

"Wewe ubao," nikasema, "ukizibwa pamba leo, mvua ikija utavimba, utaitapika yote. Mwenye mlango atakuja nao kichwani."

Kijiti cha rangi kikanyamaza. Kisha naye akauambia ubao, "Muulize aliyekutuma, mtu anakuja kesho, nifanyeje?"

"Mwambie auonyeshe ufa kabla haujaonekana. Halafu wenzako wapangwe kivulini, katikati vijiti, upepo upite. Ncha zipakwe rangi zisipasuke. Akate kipande, akipime kila Jumamosi kwenye mizani yangu ya dagaa. Kikiacha kupungua uzito, hapo ndipo mbao zimekauka."

"Ubao huu una maneno kuliko walimu wa chuo cha Butimba," akasema. Nikamsikia anacheka, nikaondoka.

Machibya alipofika, Odongo aling'oa pamba mbele yake. Machibya akapitisha kidole kwenye ufa.

"Fundi, huu ni mlango au wavu wa dagaa?"

"Kosa langu, mzee. Nimeuunda kama mtumbwi. Nipe miezi miwili mbao zikauke, nikutengenezee mwingine."

Machibya akauzunguka mlango mara mbili. Akaeleza kwamba wapangaji wa vyumba vinne vya mbele wanaingia mwezi ujao, hao hawawezi kungoja, milango yao atampa fundi mwingine. Nyumba ya nyuma bado haijaezekwa. Hiyo minane atamngoja Odongo.

"Yule wa mwaka jana alinipakia rangi juu ya nyufa," akasema. "Wewe walau umenionyesha."

Jioni ile Odongo alimpigia tajiri wa mitumbwi, akamwambia asimtegemee tena. Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja, baba yake akiwa hapa hapa Igoma, anapiga randa mlango wa tatu.