Chumvi ya Mlimba

Luciana alikuwa ameichoka ile fimbo ya kuvulia samaki kuliko alivyowahi kuwachoka mawifi zake. Ilikuwa fimbo ya baharini, ndefu kumzidi mwenye nyumba, nayo ilining'inia ukutani Kibaoni, hapa Ifakara, ambako bahari watu wanaiona kwenye kalenda. Kila Jumamosi baada ya chai, mumewe Agapiti aliishusha, akaomba maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, akaketi barazani kusugua vile vipete ambamo mshipi hupita.

"Chumvi haina adabu," alipenda kusema. "Inajificha pale kipete kinapofungiwa, inakula chuma polepole. Ukija kushtuka, samaki kaondoka na mshipi."

"Chumvi gani, Baba Eliza? Humu ndani chumvi iko jikoni tu, na yenyewe inakaribia kuisha."

Agapiti alicheka, akaendelea. Aliposuuza na kukausha, alipitisha kipande cha pamba ndani ya kila kipete. Pamba ikinasa, ujue kuna ufa. Mwisho alipangusa vyote kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, maana yakizidi yanakamata vumbi. Na mafuta yenyewe yalikuwa ya cherehani ya Luciana. Cherehani ililia kama mlango mbovu wiki nzima, wateja wakamtania, na fimbo ikang'aa ukutani bila kazi.

Agapiti alikuwa amefanya kazi miaka mingi Dar es Salaam, kwenye boti zinazopeleka wageni kuvua kwenye kina kirefu. Mwaka jana alirudi. "Nimerudi moja kwa moja," aliwaambia shemeji zake, nao wakamchinjia kuku. Sasa mtu aliyerudi moja kwa moja analea kifaa cha bahari kama kichanga, ya nini? Dionisi, kaka yake Luciana, alimwita mara kadhaa wakavue wote mtoni Kilombero. Agapiti akasema mgongo unamuuma. Kwenye shamba la mpunga alikwenda kama anayekwenda kumjulia hali mgonjwa, akaangalia, akarudi.

Kilichomuudhi Luciana hakikuwa bahari. Kilichomuudhi ni kwamba mwanamume hasemi. Angesema, "Mke wangu, nimeshindwa kukaa hapa, twende wote," Luciana angefunga mlango siku hiyo hiyo. Eliza, mtoto wao wa pekee, alikwisha kuolewa Sanje, na nguo watu wanavaa kila mahali. Alishaamua hivyo moyoni tangu masika. Lakini kuanza yeye hakuweza. Mke anayemwambia mume aliyerudi nyumbani kwamba arudi alikotoka, mtaa huu utampa majina mpaka achoke kuitika. Basi akangoja aulizwe, na kila Jumamosi akachemsha maji.

Ndiyo maana Agapiti alipoaga kwamba anakwenda Mlimba kutafuta mpunga wa biashara, kisha akaishusha fimbo na kusema, "Nitapita mtoni huko niijaribu," Luciana alifurahi mpaka akamkaangia maandazi ya njiani. Mwisho wa yote, alijiambia, huyu mtu ameamua kuwa wa hapa. Hata wazo la kuhama alilisahau kwa furaha.

Agapiti alirudi asubuhi moja, ngozi ya pua imebabuka kwa jua, akajitupa kitandani akalala. Fimbo aliiegemeza ukutani hivyo hivyo, bila kuisafisha. Luciana aliitazama, na kwa mara ya kwanza hakuichukia. Imelowa maji ya kwetu, alifikiri. Leo nitamsafishia mimi.

Akatayarisha maji, akaketi barazani. Kipete cha kwanza kilikuwa na unga mweupe pembeni. Pumba za mpunga, alijua. Mashine za kukoboa hazimwachi mtu salama. Akaupangusa kwa kidole. Haukuwa laini kama pumba, ulikwaruza. Akaugusisha ulimini.

Chumvi.

Akajaribu kipete cha pili, kisha cha tatu, mpaka kile kidogo cha kwenye ncha. Vyote vilikuwa na chumvi, na vyote Agapiti mwenyewe alivisugua kabla ya kuondoka. Luciana akainuka na ile fimbo mpaka chumbani.

"Baba Eliza. Mlimba siku hizi kuna bahari?"

Agapiti alifumbua macho, akaiona fimbo, asiulize maana yake.

"Nilikwenda Dar kuwasalimia wenzangu tu," alisema. "Nahodha akanipandisha botini. Wanataka nianze kazi mwezi ujao."

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Nilijua utakataa. Wewe na Ifakara, nani wa kuwatenganisha?"

"Mwaka mzima ninangoja uniulize," Luciana alisema. "Jibu ninalo tangu masika. Ningekuja."

Agapiti aliketi. Uso wote ulimfunguka. "Basi ninakuuliza sasa, Mama Eliza. Twende wote."

Yale ndiyo maneno aliyoyangojea, neno kwa neno. Luciana alijishangaa kuona hasira tu, na chini ya hasira uchovu.

"Unaniuliza kwa sababu nimekukamata. Nisingeiosha hii fimbo, ungeniuliza?"

Agapiti alifungua mdomo. Luciana alingoja, akamngoja kwa moyo wote. Hata angedanganya, angempokea. Agapiti akatazama miguu yake.

Nje mtu alipiga hodi. Ni mteja, amefuata gauni lake.

"Karibu mama, keti," Luciana aliitikia. "Limebaki pindo tu." Akailaza fimbo kitandani, kando ya mumewe. "Wewe nenda. Mimi ninabaki."

Akatoka kwenda kushona.